Somo: Kugeuza mashine ya popkoni iwe ya kukaangia kahawa nyumbani

Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Nimetia kahawa kwenye mashine ya popkoni, upande mmoja umekuwa mkaa, upande mwingine bado mbichi. Nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo leo naandika yote mahali pamoja. Soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Shida yenyewe ni hii. Mashine ya popkoni hutoa upepo na moto kwa swichi moja. Kahawa inataka kila kimoja kitawaliwe peke yake. Ukipunguza moto kwenye mashine isiyobadilishwa, upepo nao unapungua, punje zinalala chini na kuungua. Kazi yote hapa chini ni kuvitenganisha viwili hivyo.

1. Mashine. Ile ya upepo, si ya mafuta. Chungulia ndani: hewa itoke kwenye matundu ya mshazari ubavuni, ndiyo yanayozungusha punje. Ikiwa sakafu yake ni wavu, iache, makapi yataangukia koili na kushika moto. Soma lebo iliyo chini. Kwenye mitumba utakutana na mashine za Marekani za volti 120, na stima yetu ni 240.

2. Fungua. Plagi ikiwa imechomolewa. Piga picha za waya zote kabla ya kugusa chochote.

3. Tenganisha upepo na moto. Hapa ndipo mashine nyingi zinazoletwa kwangu zimefia, kwa hivyo soma mara mbili.

Ndani kuna koili mbili: kubwa inayopasha hewa, na ndogo inayopunguza volti ili kulisha mota. Mgongoni mwa mota utaona diodi nne, ndizo zinazogeuza mkondo wa AC kuwa DC. Mota ni ya volti chache, mara nyingi kati ya 12 na 24, na wengi wanadanganyika hapo. Volti zake ni chache lakini waya zake zimeshikana na stima ya ukutani. Kuigusa ikiwa imewashwa ni sawa na kugusa soketi.

Kata waya ZOTE MBILI zinazotoka upande wa koili kwenda kwenye diodi, kisha funika ncha zake kwa kinga inayostahimili joto. Ukiacha hata moja, chaja utakayounga itabeba volti 240 kwenye ule waya wake mwembamba. Sasa weka alama kwenye mguu wa chanya wa mota, toa diodi, unga chaja ya laptop ya volti 19 kupitia kidhibiti cha kasi ya mota, na uanze kwa kasi ya chini. Ukigeuza chanya na hasi, feni itazunguka kinyume: itavuma vizuri tu lakini hewa itakuwa hafifu, nawe utadhani mota imechoka.

Koili kubwa ibaki kwenye stima ya ukutani, na swichi yake na dima yake (kifaa cha kuongeza na kupunguza moto). Mashine ya wati 1200 huvuta ampea 5. Dima ya taa haiwezi mzigo huo. Tafuta ya wati 4000 yenye bati la kupozea, kwa sababu namba zinazoandikwa kwenye dima za bei rahisi zimetiwa chumvi.

Mambo mawili ya usalama, na haya hayana mjadala. Kwanza, kwenye njia ya koili kuna fyuzi ya joto, kijisilinda kidogo chenye miguu miwili. Usiiondoe. Na ukilazimika kuibadilisha, usiilehemu, kwani joto la chuma cha kulehemu linaiua hapo hapo mkononi mwako. Ibane kwa kiungio cha chuma. Pili, plagi inaweza kuwa na miguu mitatu ilhali waya wa ndani ni mbili tu, yaani hakuna athi (waya wa ardhi). Weka waya wa nyuzi tatu na ufunge athi kwenye chungu cha chuma mnamokaa punje. Kama hujawahi kufanya kazi ya stima, mpelekee fundi anayeielewa, ukae naye akifanya.

4. Kipima joto. Themokapo ya aina ya K, ncha ikae katikati ya punje, iingie kutoka juu. Isishuke mpaka kwenye matundu, ikigusa koili mita yako itakuwa na stima. Ijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka. Usitarajie 100: Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94, Kisumu karibu 96, kwa sababu ya mwinuko. Wengine wametupa vipima joto vizuri kabisa kwa kutojua hilo.

5. Bomba. Kofia ya plastiki huyeyuka. Mahali pake weka kopo la bati lililokatwa pande zote mbili, liwe bomba.

6. Kukaanga. Fanyia nje au barazani, kuna moshi na makapi mengi. Gramu 80 hadi 100 zinatosha.

Feni kwanza, moto baadaye. Wakati wa kuzima ni kinyume: moto kwanza, feni baadaye. Mwanzoni punje ni nzito, fungua upepo mpaka zizunguke polepole zote bila moja kubaki chini. Zikipoteza maji zinakuwa nyepesi na kubwa, zinaanza kuruka, basi punguza upepo kidogo kidogo. Hapo utaona faida ya hatua ya 3: unapunguza upepo bila kuzima moto, au moto bila kulaza punje.

Rangi itatoka kijani hadi njano, na harufu ya nyasi itageuka kuwa ya mkate. Kisha kahawia. Ukikaribia nyuzi 190 shusha moto, usingoje. Mpasuko wa kwanza huja kati ya 196 na 205, sauti kavu kama ya kuni zinazoshika moto. Ukizima dakika moja baada ya mpasuko kuanza, utapata kahawa ya wastani yenye ile ladha ya uchachu mtamu ambayo SL28, aina ya kahawa ya Kenya, inajulikana kwayo. Ukifika mpasuko wa pili, karibu na 225, ladha ya shamba imeisha, unakunywa ladha ya moto. Kazi yote ichukue dakika 6 hadi 9. Ikifika mpasuko chini ya dakika 4, nje imeiva na ndani bado.

7. Poza. Mimina kwenye ungo, hamisha kwenye ungo wa pili, huku na huku upeponi. Ndani ya dakika 4 iwe imepoa, la sivyo inaendelea kujipika yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Lanet: Mkubwa, naweza kutumia dima ya taa? Ninayo moja hapa.

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Lanet: Nimesoma, lakini nitaiweka chini chini tu, haitapata moto.

Jibu: Itapata. Ampea 5 kwenye kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya balbu. Usiwashe hiyo mashine.

Mama wa Subukia: Asante sana kwa somo. Nakaanga asubuhi inatoka vizuri, jioni kahawa ileile inachelewa mpaka inakuwa bapa, haina harufu. Nabadilisha nini?

Jibu: Mama, hujabadilisha kitu, ni stima. Jioni kila mtu anapika na volti zinashuka. Joto la koili hufuata mraba wa volti: kutoka 240 hadi 210 unapoteza karibu robo ya moto. Pima volti ya soketi kabla ya kuanza, tumia ekstensheni fupi na nene, na jioni punguza kahawa iwe gramu 70. Ukiweza, kaanga asubuhi tu. Mkono wako hauna kosa.

Fundi Kondele: Kwa nini utoe diodi? Ukiziacha na kuunga chaja upande wa kuingilia, zitanyoosha chanya na hasi zenyewe.

Jibu: Kweli kabisa, ndugu, na kwa anayeanza njia yako ni salama zaidi. Gharama yake ni kama volti moja na nusu inayopotea kwenye diodi. Kwa mota ya 18 haina neno. Muhimu waya za koili ziwe zimekatwa zote mbili, kama nilivyosema.

Fundi Kondele: Na chaja ikifa katikati? Feni itasimama, moto unaendelea.

Jibu: Swali zuri. Weka rilei (swichi inayojiwasha na kujizima kwa stima ya chaja) ambayo koili yake inalingana na volti ya chaja, miguu yake ya ampea 10 ikatize njia ya moto. Chaja ikifa, rilei inaachia, moto unakatika. Haitakuokoa mota yenyewe ikikwama, kwa hivyo usiondoke karibu. Na stima ikipotea, zima swichi ya moto na umimine punje kwenye ungo mara moja. Zikiachwa ndani zitaungua kwa joto lililobaki, na stima inaweza kurudi umeshaondoka.

Boma Yangu: Yangu haipasuki kabisa, imejaa maganda, inatoa moshi. Mashine mbovu?

Jibu: Umenunua kahawa gani?

Boma Yangu: Ya jirani, ameianika mwenyewe.

Jibu: Basi hiyo ni pachimenti (punje zikiwa bado na ganda lao gumu) au mbuni (tunda zima lililokaushwa), haijakobolewa. Mashine haina kosa. Ikoboe kwanza.

Mwalimu wa Chwele: Sisi huku Bungoma tunapata pachimenti tu kutoka kwa wakulima. Kinu cha kukoboa hakipokei kilo mbili. Mnafanyaje?

Jibu: Mwalimu, kinu cha mbao na mchi. Anika iwe kavu kabisa, ganda livunjike kwa ukucha. Twanga polepole, usipige kama unatwanga mahindi, mchi uviringishe punje ukutani mwa kinu. Pepeta kwa ungo, rudia. Kilo moja ya pachimenti hukupa kama gramu 800 safi. Chagua zilizovunjika uziweke kando, kwa sababu vipande huiva kabla ya punje nzima na kuleta uchungu. Kama unaweza kupata peaberry, zile za mviringo, zitenge pia. Zinazunguka vizuri sana kwenye upepo na huiva sawasawa.

Mwalimu wa Chwele: Nikishakaanga ninywe siku hiyohiyo?

Jibu: Onja, lakini usihukumu. Punje bado zinatoa gesi, maji hayaingii vizuri. Ziweke kwenye chupa, kifuniko kiwe kimelegea siku ya kwanza, kisha kaza. Siku ya tatu au ya nne ndipo utajua umekaanga nini. Na pima uzito kabla na baada: gramu 100 zikirudi 86 uko kwenye wastani, zikirudi 80 umeipeleka mbali.

Kijana wa Lanet: Mkubwa, dima nimeiacha. Fundi wa hapa amepata ya wati 4000. Ila lebo ya mashine inasema 120V, si ndiyo nusu tu? Nikiweka dima katikati?

Jibu: Hapana. Dima hukata mawimbi, haigeuzi 240 kuwa 120, na ukiisukuma kidogo koili inakatika. Inataka transfoma ya kushusha volti, ya wati 1500 kwenda juu, na hiyo ni nzito na ghali kuliko mashine nyingine. Irudishe ubadilishiwe. Kabla hujalipia nyingine weka picha ya lebo hapa, nitaiangalia.