Taa ya buluu isikudanganye macho

Kama unakuza mwani mdogo wa Dunaliella salina kwenye chupa, usipime ukali wa taa ya buluu au nyekundu kwa macho, wala kwa kipimo cha lux, yaani kifaa kinachopima mwanga kwa jinsi jicho linavyouona. Vyote viwili huona zaidi kijani, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 555, ilhali klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga ndani ya mwani, hufyonza hasa buluu na nyekundu. Taa unayoiona hafifu inaweza kuwa kali mno kwa seli. Ianzishe mbali, uisogeze kidogo kidogo. Maji yakianza kuacha kijani na kuwa ya rangi ya chungwa, seli zinajikinga kwa beta-karotini, rangi ya chungwa kama ya karoti: zimeelemewa na mwanga, chumvi au upungufu wa naitrojeni. Anayetafuta karotini, hapo ndipo penyewe. Anayetaka zigawanyike haraka, airudishe taa nyuma na aongeze nitrati, chumvi inayowapa mwani naitrojeni.