Kuchora Picha ya Ndege Usiyemjua na Kutambua Spishi Yake: Mfano wa Mdiria wa Pwani

Ukimwona ndege usiyemjua na ukataka kumchora, mchore kwanza, jina lake ulitafute baadaye. Mtu akishasoma kitabuni kwamba ndege wa aina fulani ana mstari mweusi nyuma ya jicho, mkono wake utauchora mstari huo hata kama hakuuona, na picha hiyo haitakuwa tena ushahidi wa chochote. Katika maelezo haya nitamtumia mdiria mmoja wa pwani ya Kenya, mwenye mgongo na mbawa za rangi ya feruzi, kichwa cha kijivu na mdomo mnene mwekundu, ambaye huonekana kwenye mikoko ya Mida karibu na Watamu. Nimemchagua kwa sababu utambuzi wake unategemea jambo dogo sana, ambalo mtu anayechora huliona upesi kuliko mpita njia.

Vifaa si vingi: penseli laini, daftari la karatasi nene, darubini, na kisanduku cha rangi za maji. Kwa picha ya mwisho tafuta karatasi yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa kuwa nyepesi zaidi hujikunja ikilowa. Nenda asubuhi wakati maji yanapokupwa na kaa wanatoka matopeni, keti jua likiwa mgongoni kwako, kisha utulie. Ndege wa kundi hili huwinda kwa kukaa kimya tawini akitazama chini, na akishakamata kitoweo chake mara nyingi hurudi kwenye tawi lilelile la mchu au mkoko, hivyo mchoraji mwenye subira huupata mkao uleule zaidi ya mara moja. Usimwite kwa sauti zilizorekodiwa, wala usilisogelee tundu la mti analolitumia kama kiota. Picha haina thamani ya kuharibu uzazi wa ndege.

Anza na mkao, manyoya yasubiri. Chora mstari mmoja mwepesi kuanzia utosini hadi ncha ya mkia ili upate mwinamo wa mwili, kisha weka umbo la yai kwa kiwiliwili na duara kwa kichwa. Mdiria ana kichwa kikubwa kikilinganishwa na mwili, shingo ambayo karibu haionekani, na miguu mifupi ambayo wachoraji wengi huirefusha bila kujua. Nyoosha mkono ukiwa umeshika penseli, pima urefu wa mdomo, kisha uulinganishe na urefu wa kichwa, na utazame pia ncha ya ubawa uliokunjwa inaishia wapi juu ya mkia. Vipimo hivi vitakufaa wakati wa kutafuta jina, maana rangi hubadilika kwa mwanga lakini uwiano wa mwili haubadiliki. Ukifika kwenye miguu, kumbuka kwamba vidole viwili vya mbele vya mdiria vimeungana kwa sehemu ya urefu wake, kwa hiyo usivitenganishe hadi mwanzo.

Baada ya umbo, andika rangi kwa maneno pembezoni mwa mchoro, ukivuta kistari kutoka kila neno hadi mahali linapohusu: utosi, kisogo, sehemu iliyo kati ya mdomo na jicho, koo, kidari, ubavu, bega, mkia. Usitosheke na kuandika “buluu”. Buluu ya ndege hawa haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya bali na jinsi muundo mdogo mno wa unyoya unavyotawanya mwanga, ndiyo maana bawa hilohilo huonekana la feruzi juani na la kijivu kivulini. Andika basi na hali ya mwanga ulipoiona rangi hiyo. Sehemu usiyoiona vizuri iache wazi, na uandike kwamba hukuiona.

Sasa tuje kwenye mdomo, ambao ndio kiini cha kazi yote. Pwani na bara kuna ndege wawili wanaofanana mno. Mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides, ana mdomo mwekundu wote, juu na chini. Mdiria wa mapori, Halcyon senegalensis, ana taya la juu jekundu na taya la chini jeusi. Maelezo haya ni mepesi kwenye karatasi, lakini jua la utosini huliweka taya la chini kivulini, na wekundu uliomo kivulini huonekana kama weusi kwa mtu mwenye haraka. Subiri ndege ageuze kichwa au ainue mdomo, au atue juu ya maji yanayorudisha mwanga kutoka chini, na utazame tena mpaka uwe na hakika kama unachokiona ni rangi au ni kivuli. Kisha tazama jicho: ukiona mstari mweusi unaopita nyuma ya jicho, mdiria wa mapori ndiye wa kufikiriwa kwanza, kwa kuwa yule wa mikoko weusi wake hukaa mbele ya jicho tu.

Mazingira yatakusaidia, lakini yasikuamulie. Mdiria wa mikoko huingia pia kwenye misitu na miti ya pwani iliyo mbali na maji, na mdiria wa mapori, jambo linalowashangaza wengi, hutegemea zaidi wadudu kuliko samaki. Sauti ni shahidi bora: wa mapori huanza na mlio mmoja mkali, kisha hufuatisha mtiririko mrefu unaoshuka. Pia kuna wengine wawili wa kuondoa kwanza. Halcyon leucocephala ana tumbo la hudhurungi iliyokolea, na Halcyon albiventris ana kichwa cha kahawia chenye michirizi. Ukiona mdomo uliofifia na vistari vyembamba kidarini, fikiria kwamba huenda ni kinda aliyekwisha kuruka kabla hujamtangaza kuwa spishi nyingine.

Unapopaka rangi, tanguliza tabaka jepesi na uache nukta nyeupe ya karatasi kwenye jicho, kwani ndiyo inayompa ndege uhai. Kijivu cha kichwa na kidari kipate kwa kuchanganya buluu ya altramarini na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, ukizidisha maji. Kijivu cha mchanganyiko huu kina uhai kuliko kile cha kuzimua rangi nyeusi. Bawa lipake tabaka mbili au tatu za feruzi, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Kwenye mdomo tumia rangi ya chungwa kwanza, kisha nyekundu, na kivuli cha taya la chini ukiweke kwa nyekundu iliyokolezwa, kamwe usitumie nyeusi, la sivyo utakuwa umemgeuza ndege wako kuwa spishi nyingine kwa mpigo mmoja wa brashi.

Hapo ndipo ufungue kitabu au programu ya simu ya kutambua ndege kama Merlin, ulinganishe alama moja baada ya nyingine, na ujiulize ni alama gani inayopinga jina unalolipenda. Chini ya picha andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji, na alama zilizokufanya uamue. Kama taya la chini hukuliona sawasawa, andika Halcyon peke yake, yaani jina la jenasi bila jina la spishi. Mtu mwingine mwenye ujuzi ataweza kuendelea kutokea hapo kwa kutumia maandishi yako ya pembezoni.