Gari la mnada wa Japani: kujua kama liligongwa

Kabla hujatuma pesa, dai karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari iliyoandikwa mnadani) yenye namba ya chesisi, uithibitishe mwenyewe. Picha za muuzaji hazitoshi. Kwenye karatasi hiyo, daraja R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari ulio humo, XX ni kipande kilichobadilishwa, W ni bati lililonyooshwa. Mlango wenye XX usikutishe. Balaa ni chesisi ya mbele iliyopinda: gari linavuta upande, linakula tairi, na alaimenti haikubali hata ulipie mara ngapi.

Likifika Dar au Mombasa, inua zulia la buti, tafuta weldi ngeni chini ya tairi la spea. Boliti za boneti zikichubuka rangi, zilishafunguliwa. Washa swichi: taa ya eabegi iwake sekunde chache, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa kuficha eabegi zilizokwisha kufumuka.