Kupima uhai wa ioni ya fenili ndani ya mtego wa ioni

Ioni ya fenili, C₆H₅⁺, haihifadhiki chupani. Ikikutana na maji, asetonaitrili au hata naitrojeni, inaungana navyo papo hapo. Kwa hiyo usihangaike kuitengeneza kwenye myeyusho: peleka ioni mama iliyo tulivu hadi ndani ya mtego wa spektromita ya tungamo (mashine inayopima uzito wa ioni), uivunje humo, kisha uamue mwenyewe iishi muda gani.

Ioni mama inayofaa ni benzenidiazoniamu, kwa umbo la chumvi ya tetrafluoroborati. Chumvi kavu za diazoniamu zinaweza kulipuka. Hii ina nafuu, lakini usiisage wala kuikwangua kwa chuma, na ihifadhi kwenye jokofu, gizani. Yeyusha miligramu 1.9 katika mililita 10 za asetonaitrili kavu, kisha zimua mara 100 upate mikromoli 10 kwa lita. Tumia siku hiyohiyo, chupa ikiwa kwenye barafu.

Sukuma myeyusho mikrolita 5 kwa dakika kwenye chanzo cha ioni cha kunyunyizia kwa umeme (electrospray), kwa volti 3,500 hadi 4,000. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni joto la kapilari, mrija mwembamba unaoingiza ioni kwenye mashine: lishushe hadi nyuzi 100–150 za selsiasi. Likizidi, naitrojeni inang'oka kabla ioni haijafika mtegoni, na badala ya ioni mama kwenye m/z (uwiano wa tungamo kwa chaji) 105 utaona 118, yaani fenili iliyokwisha kunasa asetonaitrili.

Tenga 105 kwa dirisha lenye upana wa 1. Ongeza nishati ya migongano taratibu mpaka 105 ibaki kama sehemu ya kumi ya ilivyokuwa; 77, yaani fenili yenyewe, itachomoza. Itenge nayo, weka nishati sifuri, uishikilie kwa milisekunde 10, 30, 100, 300 na 1,000. Maji yaliyosalia mtegoni yataipeleka 95 (fenili iliyonasa maji), na naitrojeni inayovuja kutoka kwenye chanzo inaweza kuirudisha 105. Usiidharau 105 hiyo ukidhani hukutenga vizuri: ikiwa inakua kadiri muda unavyoongezeka, ni mmenyuko halisi.

Chora logi asilia ya sehemu ya 77 katika jumla ya ioni, dhidi ya muda. Kwa kuwa maji ni mengi mno kuliko ioni, utapata mstari mnyoofu. Mteremko wake ndio kasi ya fenili kuisha, lakini unabeba pia kiasi cha maji, hivyo linganisha vipimo vya kikao kimoja tu. Mstari ukianza kulala, huenda baadhi ya 77 ni isoma (atomi zilezile zilizopangwa tofauti) ya mnyororo wazi isiyoshika maji. Jumla yenyewe ikipungua, ioni zinatoroka. Punguza idadi unayoingiza.

Jihadhari na benzoili, C₇H₅O⁺, ioni ya uchafu. Nayo iko 105, nayo hutoa 77, ila kwa kupoteza kaboni monoksidi. Tungamo zao ni 105.0335 kwa benzoili na 105.0447 kwa diazoniamu, kwa hiyo unahitaji uwezo wa kutenganisha (tungamo kugawanywa kwa tofauti yake) wa angalau takriban 10,000; 20,000 ni salama zaidi. Mashine isipoufikia, tumia chumvi yenye deuteri (hidrojeni nzito) tano: mlolongo unakuwa 110, 82, 100, na benzoili ya uchafu haiufuati.