Namna ya Kufaidi Toscana, Italia, kwa Miguu
Aliyezoea kupanda jiwe la Gangilonga pale Iringa hatashindwa na Via Francigena, njia ya kale ya mahujaji, katika kipande cha kutoka Monteriggioni hadi Siena, kilomita 20 hivi. Ondoka alfajiri, kwa kuwa jua la Julai ni kali. Ukifika Siena, ingia Palazzo Pubblico, jumba la kale la serikali ya mji, usimame bila haraka mbele ya michoro ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya 1338 hadi 1339, uwatafute wavunaji na punda waliobebeshwa mizigo, maana mkulima wa Nyanda za Juu Kusini atalitambua shamba lile mara moja. Mkate wa huko, kama ugali wetu, hautiwi chumvi: uchovye kwenye ribollita, supu nzito ya maharage na mboga. Ukipitia Florence, kumbuka kuwa jumba la sanaa la Uffizi hufungwa Jumatatu.