Jinsi ya kumtambua chinchila mwenye afya

Chinchila, mnyama mdogo mgugunaji mwenye manyoya mazito anayefugwa nyumbani, ni windo la wanyama wengine. Huko kwao milima ya Andes, Amerika Kusini, anayeonyesha udhaifu ndiye wa kwanza kukamatwa, kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ukingoja umkute amelala hoi, mara nyingi umeshachelewa. Mzoee angali mzima, ujue lililo la kawaida kwake.

Anza na mizani. Ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Weka bakuli lenye kina juu yake, irudishe kwenye sifuri, mtie ndani, kisha andika. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, saa ileile. Mkubwa huwa na gramu 400 hadi 600 hivi, jike akimzidi dume, na wapo wanaopita hapo bila tatizo lolote. Kipimo cha kweli ni uzito wake mwenyewe wa wiki zilizopita. Akipungua asilimia 10, yaani wa gramu 550 akafika 495, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama bado anarukaruka. Usitegemee macho: zaidi ya nywele 50 huota kwenye kitundu kimoja cha ngozi, na chini ya zulia hilo anaweza kukonda asionekane. Pitisha vidole mgongoni na mbavuni. Mifupa uihisi ikiwa na nyama juu yake, isikuchome.

Kinyesi kitazame kila asubuhi, maana ndicho kinachosema mapema kuliko kingine chochote. Punje nzuri ni nene, ndefu kidogo, ya kahawia iliyokoza, kavu, na haiachi doa kidoleni. Ivunje: ndani utaona nyuzinyuzi za nyasi. Kwa siku hutoa punje nyingi mno, zinazolingana ukubwa. Zikianza kuwa ndogo, nyembamba au chache, jua kwamba hali chakula cha kutosha au utumbo umepunguza mwendo. Hilo ni jambo zito, kwa sababu chinchila hawezi kutapika wala kucheua, na utumbo ukisimama gesi hujaa tumboni. Punje zilizoungana kwa nywele zinaonyesha anameza manyoya. Zikiwa laini, punguza peleti (chakula cha dukani kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo), ondoa matunda na vitamutamu, umwachie nyasi kavu tele. Akiharisha majimaji, au akipitisha saa 12 bila kula wala kunya, ni dharura, usingoje kesho.

Meno huwachanganya wengi. Meno ya mbele ya mkubwa mwenye afya ni ya njano iliyokoza, karibu na rangi ya chungwa. Huo si uchafu. Yaliyopauka au meupe ndiyo ya kutilia shaka. Meno yake yote 20, ya mbele na magego, huota maisha yake yote, na hulindwa na kutafuna nyasi zaidi kuliko kuguguna mbao. Lakini meno mazuri ya mbele hayakuhakikishii magego. Magego yakirefuka, kidevu na kifua hulowa udenda, jicho hutoa machozi, naye huacha nyasi akakimbilia peleti, au huokota chakula akakidondosha. Papasa ukingo wa chini wa taya kwa kidole gumba: uwe laini pande zote mbili. Ukikuta vinundu, huenda mizizi inasukuma mfupa, na picha ya eksirei ndiyo itakayothibitisha.

Macho yawe maangavu bila tongotongo, pua iwe kavu, pumzi isiwe na mkoromo. Masikio mekundu yenye joto ni onyo la kuzidiwa na joto. Chumba cha nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi kinamfaa. Kikipita 25 yuko hatarini, na unyevunyevu huongeza hatari hiyo. Akihema kwa nguvu, akidondosha udenda au kujinyoosha ubavu bila nguvu, mhamishie penye ubaridi, mlaze juu ya kigae kilichopoa, umpigie daktari. Usimtose kwenye maji ya barafu.

Manyoya yapulize taratibu: yafunguke mpaka uone ngozi safi, isiyo na magamba. Kipara cha ghafla chenye ngozi laini mara nyingi ni manyoya aliyoyaachia kwa hofu aliposhikwa vibaya. Yaliyokatika kama yamepunguzwa kwa mkasi ameyatafuna. Magamba puani, kuzunguka macho au miguuni yaelekea kuwa choa, nacho huambukiza watu, basi vaa glavu. Manyoya yaliyoshikana huhitaji vumbi maalumu la kuogea, dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa wiki. Maji kamwe.

Nyayo zisiwe na vidonda. Kwa dume, kagua uume kila mwezi, kwani nywele huweza kuuzingira kama pete na kuukaba.

Usimpime kwa usingizi wa mchana. Huo ni wake. Mtazame jioni: aje mbele, masikio yamesimama, ale kwa hamu. Anayejikunja pembeni, mgongo umeinuka na macho nusu, ana maumivu.

Ukienda kwa daktari, beba orodha ya uzito na punje za siku hiyo. Nyumbani usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini: penisilini na amoksilini za kunywa huua bakteria wa utumbo wanaomsagia chakula, na zinaweza kumuua.