Pikapu ya kazi Nairobi: manyuali au otomatiki?

Wanunuzi wengi wa pikapu huanza na swali la mafuta: ipi inakunywa kidogo? Swali hilo lilikuwa na uzito enzi za otomatiki za gia nne. Kwa zile za gia sita au zaidi zinazouzwa sasa, tofauti imekuwa ndogo hivi kwamba mguu wa dereva unaweza kuifuta au kuizidisha. Swali linalostahili kutangulia ni hili: kwa siku moja, pikapu yako itang'oka mara ngapi kutoka kusimama ikiwa imebeba mzigo? Chukua kalamu uhesabu kabla ya kwenda kuangalia gari lolote.

Tunasema hivyo kwa sababu giaboksi za aina hizi mbili huumia mahali tofauti. Kwenye manyuali, gari hung'oka kwa klachi pleti kusuguana na flaiwili (sahani nzito inayozungushwa na injini) hadi zishikane zizunguke pamoja. Muda wote kabla ya kushikana ni joto tupu. Gari likiwa tupu barabarani sawa, muda huo haufiki sekunde mbili. Weka mifuko 20 ya simiti, ambayo ni tani moja kamili, kisha simama kwenye mteremko, na muda huo unarefuka mara kadhaa. Otomatiki haina msuguano huo. Kati ya injini na gia kuna konvata, ambamo panga moja husukuma oili na oili hiyo huzungusha panga la pili. Wakati wa kung'oka, konvata huongeza msokoto wa injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, karibu mara mbili, jambo ambalo klachi haiwezi kabisa. Gharama yake ni kwamba joto lote linaingia kwenye oili, na oili ile isipopozwa vizuri giaboksi nzima inaungua polepole bila kelele.

Urefu wa Nairobi unaongeza uzito wa jambo hili. Jiji liko takribani mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Dizeli yenye tabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, lakini tabo ikishaanza kuzunguka kwa kasi. Chini ya mizunguko 1,500 hivi kwa dakika tabo bado imelala, na huko chini ndiko dereva wa manyuali anakoachilia klachi. Akiona gari linataka kuzima, anaongeza mafuta na kuibana klachi katikati. Harufu ile ya kuungua unayoisikia nyuma ya pikapu iliyobeba ikipanda Museum Hill inatokana na hapo.

Sasa rudi kwenye hesabu yako. Pikapu inayoleta viazi kutoka Njabini hadi soko la Wakulima husafiri sehemu kubwa ya njia bila kusimama, ila kutoka Westlands hadi sokoni asubuhi inaweza kusimama na kung'oka mara mia na zaidi, mzigo ukiwa bado mgongoni. Pikapu ya hadwea inayosambaza simiti na mabati Eastlands inafanya hivyo siku nzima. Kwa kazi za namna hii tunapendekeza otomatiki, hata kama makanika wako atakuambia manyuali ndiyo gari la mwanamume. Lakini pikapu inayobeba mawe kutoka machimbo ya Ndarugo kupitia Thika Road nje ya saa za foleni, au ile inayokaa shambani Kajiado na kuja mjini mara moja kwa wiki, inang'oka mara chache. Hapo manyuali inatosha, ni rahisi kutengeneza, na ikiharibika mbali na mji unaweza kupata mtu wa kuifungua.

Usidanganywe pia kwamba manyuali ina nguvu zaidi kila mara. Toyota ilipofanyia Hilux ya dizeli ya lita 2.8 marekebisho mwaka 2020, yenye otomatiki ilipewa msokoto wa Nm 500 na yenye manyuali ikabaki Nm 420. Uliza takwimu za gari lenyewe unalonunua. Injini yenye jina moja inaweza kuwa na nguvu mbili tofauti.

Nani atashika usukani

Klachi huishi kwa kadiri ya dereva mbaya kuliko wote wanaoliendesha gari. Ukiwa na dereva mmoja makini anayetumia handibreki mlimani na asiyepumzisha mguu kwenye pedali, klachi inaweza kupita kilomita 100,000. Gari lilelile likipokezanwa na madereva watatu, mmoja wao akiwa na tabia ya kulining'iniza gari kwa klachi kwenye foleni, unaweza kuibadilisha kabla ya kilomita 40,000. Biashara yenye madereva wanaobadilika kila mwezi ichukue otomatiki.

Angalia leseni vilevile. Katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kundi B limegawanywa: B1 ni ya magari mepesi ya otomatiki, B2 inaruhusu manyuali. Kijana aliyetoka shule ya udereva anaweza kuwa na B1 pekee. Ukimpa huyo pikapu ya manyuali na agonge, umeipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Kuteremka

Wanaopenda manyuali wana hoja nzuri kuhusu miteremko: unachagua gia, injini inashikilia gari. Kushuka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu ukiwa na tani moja, gia ya tatu au ya pili inazuia breki zisichemke. Otomatiki inaweza kazi hiyohiyo, ila dereva lazima aiamuru. Akiacha mkono wa gia kwenye D, giaboksi nyingi zitapanda gia kwa sababu hakanyagi mafuta, na mzigo wote utaegemea breki. Sogeza mkono wa gia kwenye S au M, ambapo unachagua gia mwenyewe, shusha hadi 3 au 2 kabla mteremko haujaanza, kisha gusa breki kwa vipindi, usizikalie. Kuteremka gari likiwa fri (bila gia yoyote), kwa aina yoyote ya giaboksi, usimruhusu dereva wako afanye hata siku moja. Barabara ya Salgaa hadi Sachangwan imejulikana nchi nzima kwa vifo vilivyosababishwa na tabia hiyo.

Kwenye tope la udongo mweusi wa Ruai au Kitengela, otomatiki hutambaa vizuri zaidi kwa sababu magurudumu hayakatiki nguvu wakati wa kubadili gia. Ukikwama, usiitikise mbele na nyuma kwa R na D dakika kumi mfululizo. Joto la oili hupanda haraka sana wakati magurudumu yanazunguka na gari halisogei, na likipita nyuzi 120 za Selsiasi oili huanza kuharibika. Jaribu mara tatu nne, kisha shuka uchimbe, au uweke mawe.

Kupima pikapu iliyotumika kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Fika asubuhi, uombe injini iwe baridi. Giaboksi mbovu ya otomatiki huficha ugonjwa mmoja ikiwa baridi na mwingine ikiwa moto, nawe unahitaji kuziona hali zote mbili.

Kwa manyuali:

1. Vuta handibreki hadi mwisho, hakikisha mbele ni wazi, weka gia ya tatu, injini ikiwa inanguruma polepole uachilie klachi. Injini inapaswa kuzima palepale. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza.
2. Barabarani, ukiwa gia ya nne kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha.
3. Gari likiwa fri, sikiliza. Kelele inayotokea ukikanyaga pedali ni ya beringi ya klachi. Inayotokea ukiachilia pedali iko ndani ya giaboksi yenyewe, na hiyo ni ghali zaidi.
4. Weka rivasi. Ikikwaruza, na gia nyingine pia ni ngumu, klachi haiachii vizuri. Angalia kiwango cha mafuta ya klachi na uvujaji kwenye masta na silinda ya chini. Ikiwa inayokwaruza ni gia ya pili au ya tatu peke yake, sinkro zake (pete zinazolainisha kuingia kwa gia) zimelika.
5. Zima injini ukisikiliza. Mtikisiko mzito wa chuma wakati wa kuzima, au mngurumo wa chuma injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, unaokoma ukikanyaga klachi, huashiria flaiwili ya vipande viwili iliyochoka. Ford Ranger za 2.2 na 3.2 na Nissan Navara D40 zina flaiwili ya aina hiyo. Haichongwi ikarudi kama ile ya kipande kimoja, na bei yake inaweza kuzidi ya klachi yote. Itoe kwenye bei ya gari kabla ya kukubaliana.

Kwa otomatiki, anza na oili. Ikiwa kuna dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ichomoe, uipanguse kwa karatasi nyeupe. Nyekundu au waridi safi ni sawa. Kahawia bila harufu ni oili iliyozeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni giaboksi inayolika. Ukiona rangi ya maziwa yaliyochanganywa na stroberi, maji ya radieta yameingia kwenye oili kupitia kipoza oili kilicho ndani ya radieta. Ondoka, usisikilize punguzo. Pikapu nyingi za siku hizi hazina dipstiki, na kiwango hupimwa kwa nati iliyo chini ya giaboksi, oili ikiwa na joto maalumu. Omba gari lipandishwe kwa makanika wako. Muuzaji akikataa, umepata jibu.

Kisha ukiwa umekanyaga breki, toa P weka R, halafu D. Gari lishike ndani ya sekunde moja hivi, kwa upole. Likichelewa zaidi ya sekunde mbili au likishika kwa kishindo, presha ya oili ina tatizo. Endesha kwa dakika 30 angalau, kipande kikiwa foleni na kipande kikiwa barabara ya kasi. Katikati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo tu, sikilizia mtetemo kama wa kupita juu ya vijiwe vidogo. Huo hutoka kwenye klachi iliyo ndani ya konvata. Wakati mwingine oili mpya huuponya. Wakati mwingi hauponi. Injini ikiruka mizunguko katikati ya kubadilisha gia, klachi za ndani zimelika, na ukarabati wake ni wa kufungua giaboksi yote.

Mwisho, usome kompyuta ya gari kwa skana, ukizingatia giaboksi, si injini pekee. Misimbo ya hitilafu ikiwa ilifutwa asubuhi ile, utajua kwa kuwa vipimo vya ndani bado havijakamilika.

Oili

Otomatiki ikishushwa oili kwa kufungua nati, hutoka lita 3 hadi 5 tu kati ya 9 au 10. Nyingine hubaki kwenye konvata na mabomba. Kubadilisha mara moja ni kubadilisha nusu hivi au chini yake. Rudia mara mbili au tatu, ukiendesha kilomita mia chache katikati. Kwa pikapu inayobeba Nairobi, fanya hivyo kila kilomita 40,000, hata kama kitabu kinasema oili hiyo ni ya maisha. Na ununue aina iliyoandikwa kwenye kitabu: Toyota WS kwa Hilux ya gia sita, Mercon LV kwa Ranger ya gia sita. Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road utauziwa kopo moja jekundu linalosemekana kufaa kila gari, na giaboksi itaanza kutetemeka baada ya miezi michache. Ukibeba mizito kila siku, ongeza kipoza oili cha nje mbele ya radieta.

Manyuali huchukua lita chache tu, na kosa la kawaida ni kuweka oili ya difu (gia za ekseli) ya daraja la GL-5 pale panapotakiwa GL-4. Inateleza mno kwa sinkro za shaba na gia huanza kuwa ngumu asubuhi. Baadhi ya pikapu za Isuzu hutumia oili ya injini kwenye giaboksi ya manyuali, kwa hiyo usimruhusu fundi abahatishe. Unapobadilisha klachi, nunua pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hutaki kuishusha tena baada ya miezi mitatu kwa ajili ya beringi ya bei ndogo.

Kabla hujaondoka na otomatiki yako, mweleze dereva jambo hili: betri ikifa, haisukumwi ikawaka. Injini ikizima njiani, isivutwe kwa kamba magurudumu ya nyuma yakizunguka chini, kwa kuwa pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala, gia zinazunguka kavu. Ita gari la kubebea, au propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) ifunguliwe kwanza. Pikapu inayosukumwa na magurudumu yote manne inaweza kuvutwa kama kitabu chake kinaruhusu, na giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma iwekwe N. Nunua nyaya za betri, uziweke nyuma ya kiti.